Valvu Kubwa kwa Injini Ndogo

Mwaka 1951 kampuni ya Austin ya Uingereza ilitoa gari dogo liitwalo A30, likiwa na injini ya silinda nne yenye cc 803. Familia ya injini hiyo, inayojulikana kama A-Series, iliendelea kutengenezwa hadi Mini ya mwisho ilipotoka kiwandani Longbridge, Birmingham, mwaka 2000. Kwa takriban nusu karne ilikaa ndani ya Morris Minor, Austin A35, Sprite, Mini na Metro, ikikua kutoka cc 803 hadi 848, 948, 998, 1098 na hatimaye 1275. Wazee wa Afrika Mashariki waliowahi kumiliki Moris wanaijua sauti yake hata kama hawakuwahi kujua jina lake.

Jambo moja limeifanya familia hii ipendwe na mafundi wanaotafuta nguvu zaidi: silinda hedi zake zinaingiliana. Hedi ya injini ya cc 1275 inakaa juu ya bloki ya cc 998, inapita kwenye studi zilezile tisa, na nati zinafungwa. Hedi hiyo ya 1275 ina valvu kubwa kuliko ile iliyotoka na gari. Mtu mwenye Mini 1000 ya kawaida akiiona inauzwa imetumika, anaona njia fupi ya kupata nguvu bila kubadili injini nzima.

Njia hiyo ipo kweli, ila kushika studi ni jambo moja na kukubaliana na injini iliyo chini yake ni jambo jingine. Nimeandika uchambuzi huu kwa sababu naona watu wakitumia fedha nyingi kwenye hedi kubwa kuliko zote, kisha wanarudi na gari lisilo na nguvu chini, linalokunywa petroli zaidi, na pengine lenye valvu iliyopinda. Mara nyingi hedi ya katikati ndiyo inayolifaa gari la kawaida, na sababu zake zinaweza kupimwa kwa rula, kalkuleta na mafuta ya taa kidogo.

Tuanze na ushahidi wa kiwanda chenyewe. Mwaka 1964 Mini Cooper ilipewa injini ya cc 998. Kipenyo cha silinda kilikuwa milimita 64.58 na mwendo wa pistoni milimita 76.2. Miaka mitatu baadaye ikaja Mini 1000 ya kawaida yenye kipenyo kilekile na mwendo uleule. Ujazo haukutofautiana hata kwa cc moja. Lakini Cooper ilitangazwa kuwa na nguvu farasi 55, na Mini 1000 ilikuwa na 38. Farasi 17 kwenye injini ndogo kiasi hicho si tofauti ndogo.

Zilitoka wapi? Sehemu yake kubwa ilitoka juu ya bloki. Cooper ilitumia hedi ambayo mafundi wanaiita kwa namba iliyochorwa kwenye chuma chake, 12G295. Valvu zake za kuingizia hewa zina kipenyo cha takriban milimita 31, wakati zile za Mini 1000 zina karibu milimita 27.8. Valvu za kutolea moshi zilibaki milimita 25.4 kwa zote mbili. Pamoja na hedi hiyo Cooper ilikuwa na kabureta mbili za SU badala ya moja, kemshafti kali zaidi, manifodi bora ya ekzosi, na kompresheni ya 9.0 badala ya 8.3. Wahandisi wa kiwanda hawakufunga hedi peke yake, na orodha hiyo inafaa kukumbukwa na yeyote anayetaka kufuata njia yao.

Sasa tuingie ndani ya hedi. Valvu ya kuingizia inapofunguka, hewa haipiti katikati yake. Inapita pembeni, katika pengo linalozunguka ukingo wa valvu mzunguko mzima. Ukubwa wa pengo hilo unapatikana kwa kuzidisha mzingo wa valvu kwa kimo inachofunguka. Kemshafti ya kawaida ya Mini 1000 inafungua valvu kwa takriban milimita 7.2. Kwa valvu ya milimita 27.8, pengo likifika kilele lina milimita za mraba 629 hivi. Kwa valvu ya milimita 31 linakuwa 701, ongezeko la karibu asilimia 12. Kwa valvu ya milimita 33.3, ambayo ndiyo ya hedi ya kawaida ya 1275 iitwayo 12G940, linakuwa 753, yaani asilimia 20. Na kwa valvu ya milimita 35.6, iliyotumika kwenye Cooper S na baadaye MG Metro, linafika 805, yaani asilimia 28. Yote haya bila kugusa kemshafti.

Kwa hesabu hiyo pekee, kubwa zaidi ndiyo bora. Lakini hesabu haijaisha. Pengo la pembeni linapanuka kadiri valvu inavyoshuka, hadi linafikia ukubwa wa uso wa valvu wenyewe. Hilo hutokea valvu inapofunguka kwa robo ya kipenyo chake. Ikishapita hapo, kinachobana hewa si pengo tena bali koo lililo juu ya siti. Robo ya 27.8 ni karibu milimita 7, kwa hiyo valvu ya kawaida ya Mini 1000, ikiwa na kimo cha milimita 7.2, inatumika yote. Kuifungua zaidi kunaleta faida ndogo, na hapo ndipo valvu kubwa inapokuwa na maana ya kweli. Robo ya 31 ni 7.75, na kemshafti ya kawaida inakaribia kufika. Robo ya 35.6 ni 8.9. Kemshafti ya kawaida haifiki huko hata kidogo. Aliyefunga valvu hiyo bila kubadili kemshafti wala roka amenunua koo ambalo injini yake hailifungui lote.

Na koo pana lina gharama yake kwenye mwendo mdogo. Valvu ya kuingizia ya injini hii haifungwi pistoni inapofika chini kabisa. Kwenye kemshafti ya kawaida ya Mini inafungwa nyuzi 45 za krankishafti baada ya hapo, pistoni ikiwa tayari imeanza kupanda. Kinachozuia mchanganyiko wa hewa na petroli usirudishwe nje ni kasi uliyokuwa nayo ukiingia. Njia ikiwa nyembamba kiasi, kasi ni kubwa hata kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika, na silinda inajaa vizuri. Ukipanua njia kupita mahitaji ya injini, kasi inashuka, mchanganyiko unarudi nyuma, na matone ya petroli kutoka kwenye kabureta yanaangukia kuta za njia badala ya kuelea. Dereva anaona gari zito kuondoka, linalokohoa likikanyagwa ghafla, ambalo linaamka likishapita mizunguko 4,000. Kwa gari la mashindano ya barabara fupi hilo linavumilika. Kwa gari la kwenda kazini kila siku ni adhabu.

A-Series ina tabia nyingine inayofanya jambo hili liwe gumu zaidi kuliko kwenye injini nyingi. Hedi yake ina matundu matano tu upande mmoja: mawili ya kuingizia na matatu ya kutolea. Silinda ya kwanza na ya pili zinagawana tundu moja la kuingizia, ya tatu na ya nne zinagawana jingine, na zile mbili za katikati zinagawana tundu la moshi. Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2, kwa hiyo silinda ya pili ikimaliza kuvuta, ya kwanza inaanza mara moja. Valvu ya kwanza inafunguka nyuzi 5 kabla pistoni yake haijafika juu, na ile ya pili haijafungwa hadi nyuzi 45 baadaye. Kwa nyuzi 50 za mzunguko silinda mbili zinanyonya kutoka tundu moja kwa wakati mmoja, moja ikimalizia na nyingine ikianza. Zinanyang'anyana. Kemshafti kali inarefusha muda huo, na valvu kubwa inapanua mlango wa kunyang'anyana. Ndiyo maana injini hii haifuati moja kwa moja hesabu zinazotumika kwa injini zenye tundu moja kwa kila silinda, na ndiyo maana mafundi wake wazuri wanaheshimu zaidi umbo la tundu kuliko upana wake.

Umbo lenyewe lina historia. Harry Weslake, mtaalamu wa Uingereza aliyetumia maisha yake kuchunguza jinsi hewa inavyopita ndani ya hedi, ndiye aliyeipa A-Series chemba ya mwako yenye umbo kama moyo, yenye ncha ya chuma inayoingia katikati ya valvu mbili. Ncha hiyo inasaidia kuzungusha mchanganyiko unapoingia na kupata mwako mzuri. Lakini kuta za chemba hiyo zinaipitia valvu kwa karibu. Ukiweka valvu kubwa bila kusogeza ukuta, sehemu ya mzingo wake inaangaliana na chuma, na pengo tulilolipigia hesabu hapo juu linazibwa upande mmoja. Kwenye karatasi una asilimia 28 zaidi. Ndani ya injini huenda una nusu yake.

Na ukuta wa chemba si kizuizi cha mwisho. Kizuizi kikubwa zaidi ni silinda yenyewe, na hapa ndipo ningependa msomaji atulie kidogo na rula. Kipenyo cha silinda ya 998 ni milimita 64.58. Valvu mbili za kawaida, 27.8 na 25.4, jumla yake ni 53.2. Zinabaki zaidi ya milimita 11 za kugawana kati ya daraja la chuma linalotenganisha siti na nafasi ya kupumua pembeni. Hedi ya 12G295 inatoa 56.4, na zinabaki milimita 8. Hedi ya 12G940, yenye kutolea ya milimita 29.4, inatoa 62.7. Zinabaki chini ya milimita 2, na daraja la chuma bado halijahesabiwa. Hedi ya MG Metro inatoa 65. Jumla ya valvu mbili imeshapita upana wa silinda.

Maana yake ni nini kwa fundi? Kwenye bloki ya 998, valvu ya kutolea ya hedi ya 1275 haishuki ndani ya silinda yote. Ukingo wake unatokeza nje ya mdomo wa silinda na unashuka juu ya uso wa bloki. Ukifunga hedi hiyo na kuzungusha injini, valvu inagonga chuma. Kwa mkono utasikia imekwama. Kwa starta utapinda valvu kabla ya kujua kilichotokea. Ndiyo sababu kila anayetaka kuoanisha vitu hivi viwili analazimika kuchimba vijibonde kwenye ukingo wa juu wa bloki, kimoja kwa kila valvu ya kutolea, vifuate mviringo wa valvu na kuiachia nafasi ya kushuka. Kazi hiyo inafanyika, na imefanyika kwa injini nyingi zinazotembea hadi leo, lakini ina mpaka usiovukwa: kijibonde kisifike njia ya ringi ya kwanza ya pistoni. Kikifika, ringi itakuwa inapita kwenye shimo kila inapopanda, moto utaipita, na itavunjika.

Namna ya kujua kama kuna nafasi ni rahisi, na sielewi kwa nini inarukwa na wengi. Paka mafuta kidogo kwenye valvu, kisha bandika vipande vya plastisini ya watoto kwenye uso wa bloki pale valvu zinapotarajiwa kushuka, na juu ya pistoni pia. Weka gasketi ya zamani iliyokwisha kubanwa, maana mpya ni nene kuliko itakavyokuwa ikibanwa. Funga hedi kwa nati, rekebisha roka, kisha zungusha krankishafti polepole kwa spana mizunguko miwili kamili. Ukisikia ugumu wowote, simama. Fungua, kata plastisini kwa wembe, na upime unene uliobaki mahali palipobanwa zaidi. Kwa injini ya barabarani ningetaka kuona angalau milimita moja na nusu upande wa kuingizia na mbili upande wa kutolea, kwa sababu valvu ya kutolea inarefuka ikipata moto, na injini ikizungushwa kupita kiasi springi zinaweza kushindwa kuirudisha kwa wakati.

Tukubali sasa kwamba umechagua hedi ya katikati, 12G295, inayokaa juu ya bloki ya 998 bila kuchimba kitu. Bado kuna mtego mmoja, na huu ndio unaowakamata wengi kuliko mwingine wowote. Chemba za hedi hiyo ni kubwa, cc 28.3 kila moja. Chemba za 12G940 ni cc 21.4 tu. Kwa nini kiwanda kiliipa injini ndogo chemba kubwa? Kwa sababu pistoni za Cooper 998 zilikuwa na kichwa kilichoinuka, kikiingia ndani ya chemba na kula nafasi. Pistoni za Mini 1000 hazina kichwa hicho.

Fanya hesabu mwenyewe. Kila silinda ya 998 inabeba karibu cc 250 pistoni inaposhuka. Tuseme gasketi ikibanwa inaacha cc 3, na nafasi iliyo juu ya pistoni tambarare na pembeni mwake inaacha cc 2.5. Ongeza chemba ya 28.3, unapata karibu cc 34. Kompresheni ni 250 jumlisha 34, ugawe kwa 34: 8.4. Ikiwa pistoni zako zina bonde la cc 4 kichwani, nafasi inakuwa 38 na kompresheni inashuka hadi 7.6. Umefunga hedi ya Cooper, umelipia valvu kubwa, na injini yako sasa inabana mchanganyiko kidogo kuliko ilivyokuwa jana. Nguvu uliyoipata juu umeipoteza kila mahali pengine.

Dawa yake ni kuskimu hedi, yaani kupunguza uso wake kwenye mashine hadi chemba ziwe ndogo. Kufika 9.6 kwa pistoni tambarare unahitaji jumla ya cc 29, kwa hiyo chemba zishuke hadi karibu 23.5. Kwa hedi hii hiyo ni zaidi ya milimita moja ya chuma, na fundi wa mashine atakuuliza mara mbili kama una uhakika. Uwe nao, kwa kupima. Laza hedi chali, funga plagi na valvu, paka grisi nyembamba kuzunguka chemba, na bandika juu yake kipande cha plastiki angavu kilichotobolewa tundu dogo. Jaza bureti kwa mafuta ya taa na uyaachie yashuke kupitia tundu hilo hadi kiputo cha mwisho cha hewa kitoke. Soma bureti. Rudia kwa chemba zote nne, maana chuma cha kumimina hakitoki sawasawa, na tofauti ya cc moja kati ya silinda na silinda si ajabu. Mafundi wazuri wanasawazisha chemba kwanza kwa kusaga zile ndogo, kisha ndipo wanapeleka hedi kuskimiwa.

Kuskimu kunaleta mabadiliko mengine ambayo hayaonekani kwa haraka. Hedi imeshuka, lakini pushrodi zina urefu uleule, kwa hiyo roka zinakaa zikiwa zimeinamia upande wa valvu. Ncha ya roka haisukumi tena katikati ya shina la valvu. Inaliburuta kando, na gaidi zinakwisha mapema. Unaweka shimu chini ya nguzo za shafti ya roka au unatafuta pushrodi fupi. Kwa aliyechagua 12G940, kuskimu pia kunaisogeza valvu ya kutolea karibu zaidi na bloki, na plastisini inabidi irudiwe tangu mwanzo.

Kwa injini ya 998 yenye hedi ya 12G940 kompresheni inakwenda upande wa pili. Chemba ya 21.4, pamoja na cc 5.5 za gasketi na nafasi ya pistoni tambarare, ni karibu 27, na vijibonde vya bloki vikiongeza cc moja unapata 28. Kompresheni inakaribia 9.9. Hapo petroli inaanza kuwa na sauti katika maamuzi yako. Kwenye usawa wa bahari, kama Dar es Salaam au Mombasa, joto kali na hewa nzito vinaweza kuifanya injini igonge ikipanda mlima na mzigo. Nairobi, iliyo karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi na silinda hazijai kiasi kile, kwa hiyo injini ileile inavumilia zaidi. Anayejenga hedi Nairobi na kuliteremsha gari pwani asikilize injini yake kwa makini na kupunguza taimingi ikibidi.

Petroli inatupeleka kwenye siti. Hedi hizi zilichongwa siti moja kwa moja kwenye chuma cha kumimina, na risasi iliyokuwa ndani ya petroli ilifanya kama mto kati ya valvu ya kutolea na siti. Uingereza iliacha kuuza petroli ya aina hiyo kwa jumla mwanzoni mwa 2000, na nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiacha kufikia Januari 2006. Bila risasi, valvu ya kutolea inayopigishwa kwa mizunguko mikubwa inakula siti yake na kuzama ndani ya hedi. Utaiona kwa nafasi ya roka inayokwisha kila baada ya muda mfupi. Kama hedi iko mezani tayari, ndio wakati wa kuweka siti za chuma kigumu upande wa kutolea. Hapa tena valvu kubwa inadai kodi yake: siti ya kupachika inahitaji nyama ya chuma kuizunguka, na daraja kati ya valvu mbili likiwa jembamba, linapasuka. Hedi za Cooper S, zilizobana 35.6 na 31 kwenye silinda ya milimita 70.6, zinajulikana kwa nyufa mahali hapohapo. MG Metro iliyokuja baadaye ilibakiza valvu kubwa ya kuingizia lakini ikapunguza ile ya kutolea hadi 29.4, na nadhani ulikuwa uamuzi wa busara.

Ukinunua hedi ya mtumba, basi, iangalie kwanza katikati ya siti. Isafishe hadi chuma kiwe cheupe na uangalie kwa tochi ukiwa umeielekeza kwa pembeni. Ufa mwembamba kama unywele unaotoka siti hadi siti unatosha kuirudisha kwa muuzaji.

Na kama hedi ni nzima, fedha ya kwanza kabla ya valvu kubwa iende kwenye siti na koo. Siti yenye pembe moja ya nyuzi 45 iliyosagwa kwa mkono kwa miaka inakuwa pana na butu. Fundi wa mashine akiikata kwa pembe tatu, 30 juu, 45 katikati na 60 chini, na kuacha uso wa kufungia wenye upana wa takriban milimita 1.3 upande wa kuingizia na zaidi kidogo upande wa kutolea, hewa inageuka kwa ulaini na inapita zaidi kwa valvu ileile. Upande wa kutolea usibane sana, kwa sababu valvu inapoza joto lake kupitia siti. Kisha lainisha tuta lililobaki chini ya siti na mzunguko wa ndani wa tundu, pale hewa inapokata kona kwa ghafla kuliko kote. Usipanue tundu zima. Nimeona hedi za kawaida zilizofanyiwa kazi hiyo kwa uangalifu zikizidi hedi zenye valvu kubwa zilizofungwa kama zilivyotoka dukani.

Kwa mtu mwenye Mini 1000 au Moris ya 1098, ambayo kipenyo chake ni milimita 64.58 vilevile, mpangilio ninaoupendekeza unaanzia nje ya hedi. Manifodi ya ekzosi yenye matawi matatu, lile la katikati likiwa refu, inaziachia silinda za katikati zipumue. Kabureta ya SU ya inchi moja na nusu badala ya moja na robo inafuata, pamoja na sindano inayolingana nayo. Hapo hapo injini itahisi tofauti, na hedi ya zamani itakuwa imeonyesha mwisho wake. Ndipo hedi ya 12G295 inaingia, imeskimiwa kwa kipimo, siti zimekatwa, springi mpya. Kemshafti inabadilishwa mwishoni, ikiwa mwenye gari anataka kweli kuzungusha injini juu ya 5,500 mara kwa mara. Hedi ya 1275 naiacha kwa mwenye bloki ya 1275, au kwa aliye tayari kuchimba bloki yake na kuishi na injini isiyopenda foleni.

Baada ya kufunga, kabureta iwekwe upya kabla ya safari ndefu. Hedi inayoingiza hewa zaidi na sindano ileile inaelekea kuchoma mchanganyiko mkavu juu, na mchanganyiko mkavu kwenye kompresheni iliyopanda ndio unaotoboa pistoni. Endesha kwa nguvu kwenye mlima, zima injini papo hapo ukiwa kwenye gia bila kuiachia isinzie, toa plagi zote nne na uzilinganishe, ukizingatia kwamba silinda za ndani na za nje hazipati mgawo sawa. Rangi ya kahawia hafifu inaridhisha. Nyeupe kavu kwenye yoyote kati ya nne inamaanisha unahitaji sindano inayopitisha petroli zaidi. Baada ya kilomita mia chache, injini ikiwa imepoa usiku kucha, kaza tena nati za hedi kuanzia katikati kwenda nje kwa spana ya torki, kisha weka nafasi ya roka milimita 0.30 kwa zote nane.